Bunduki Fupi Mlangoni kwa Mjomba

Wapo watu hapa kwetu ambao hadi leo wakimtaja Alute husema "yule aliyempiga mjomba wake risasi," kisha wanaendelea na mazungumzo yao kana kwamba wametaja bei ya chumvi. Huwa nawakatiza. Mjomba huyo alikuwa baba yangu mzazi. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango nikichambua mlenda, kwa hiyo kama kuna mtu wa kueleza habari za Alute ni mimi Theodora, si wao waliozisikia kilabuni. Alute hakumpiga baba risasi. Nililisema siku ile ile, nikalirudia polisi, nikalirudia mbele ya jaji, na ndugu zangu wakanisusa kwa ajili yake. Uchungu nilio nao, na ninao mwingi, hautokani na hapo.

Alute alikuwa mtoto wa shangazi yangu Luciana, dada pekee wa baba. Baba yake alifariki Alute akiwa bado hajajua kufunga ndama, na tangu hapo akawa wa kwetu kuliko kwao. Baba ndiye aliyemfundisha kukamua, akampa mkuki wake wa kwanza, akamchapa alipolaza mbuzi porini. Mji wetu ulikuwa upande wa Ikungi, katikati ya yale majabali yanayofanya mgeni aulize ni nani aliyeyapanga. Tulikuwa na tembe ndefu ya paa la udongo, zizi, shamba la uwele na la mtama, na kisima ambacho babu alikichimba mwenyewe. Sisemi tulikuwa matajiri. Nasema tulikuwa kwetu.

Tangu utotoni Alute alipenda vitu vyenye springi. Baiskeli ya katekista ikiharibika, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa anaifungua yote kwenye gunia, anacheka peke yake, halafu anairudisha na hakuna kinachobaki. Akisikia kitu kinalia "tak" anataka kujua kimelia wapi. Mimi nilikuwa namtania kwamba akioa atamfungua mke wake aone kilichomo ndani, naye ananijibu kwamba mimi sitahitaji kufunguliwa kwa sababu mdomo wangu haujawahi kufungwa. Tulikuwa mtu na binamu yake, tunataniana hivyo mpaka watu wazima wanatufukuza.

Miaka ya Azimio la Arusha ilipofika, vijana wakaanza kuitwa mgambo. Walikuwa wanacheza kwata kwenye uwanja wa shule na bunduki za mti, walizochonga wenyewe. Wengi waliona haya. Alute aliichonga yake mpaka na tundu la kutazamia. Basi akaonekana, akachaguliwa, akapelekwa kambini Singida mjini chini ya sajini mmoja aitwaye Urbano, na aliporudi hakuwa na bunduki ya mti tena. Wenzake walipewa zile ndefu za zamani, za mbao na chuma. Yeye, kwa kuwa alikuwa kiongozi wa kikosi cha upande wetu, alipewa bunduki fupi.

Nilikuwa sijawahi kuona bunduki ya namna ile, na kusema kweli ilinivunja moyo. Ilikuwa kama kipande cha bomba alichokisahau fundi. Haikuwa na mbao popote. Kitako chake kilikuwa cha vyuma vyembamba vinavyokunjwa na kulala chini ya mtutu, na magazini, kile kisanduku cha risasi, haikukaa chini kama nilivyozoea kuona kwenye picha, ilichomoza ubavuni. Ukiikunja ingeingia ndani ya kikapu cha mayai. Alute alituwekea pale uani kwenye ngozi ya ng'ombe akaanza kuhubiri.

"Hii ina vitu vichache kuliko baiskeli," aliniambia. "Hapa ndani kuna pande la chuma na springi nyuma yake, basi. Zile ndefu zina sindano inayongoja kidole. Hii, sindano yake imechongwa palepale kwenye uso wa lile pande. Ukilivuta linakaa nyuma. Ukigusa hapa linaruka mbele, linaokota risasi njiani, linaigonga, linarudi. Ukiendelea kushika, linaendelea lenyewe. Aliyeifikiria hii alikuwa na akili, Theodora. Alitaka kitu rahisi, cha haraka, ambacho hata mtu asiyesoma anakishika."

"Na wewe umeshika," nilimwambia.

Baba aliiomba. Aliipima mkononi, akaigeuza, akaangalia huku na huku kama anayetafuta mahali pa kuchomea. "Hii unamchoma mtu na upande upi?" aliuliza, na sote tukacheka, na Alute naye akacheka, ingawa niliona kidogo imemkera.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la nyumbani kwetu, kwa sababu watoto wa siku hizi hawalijui na kisa chote kinaning'inia hapo. Mgeni mwenye silaha hakuingia nayo ndani, wala hakuilaza chini nje. Mkuki uliolazwa mlangoni ulikuwa na maana moja tu: mwenye nyumba amekufa. Siku ya msiba wanaume walikuja wakalaza mikuki yao mbele ya mlango, na siku nyingine yoyote kufanya hivyo ilikuwa kumwombea mtu kifo mchana kweupe. Silaha ya mgeni ilitakiwa isimame. Ndiyo maana kando ya mlango palikuwa na nguzo yenye panda juu, na mikuki iliegemezwa hapo. Baba yangu alikuwa mkali sana kwa hilo. Aliwahi kumrudisha shemeji yake njiani kwa sababu ya upinde.

Mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni. Kila mtu ahamie kijijini, kule barabarani, ambako wapimaji walikuwa wamepiga mistari na kuchomeka vigingi vya mti, kila familia na kigingi chake. Baba hakuwa mpinga serikali, na asije mtu akaniambia vinginevyo. Alikuwa na kadi ya TANU aliyoifunga kwenye kitambaa pamoja na rozari. Alisema neno moja tu: nitahama nikishavuna. Uwele ulikuwa unaanza kutoa masuke. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe angeelewa neno hilo, lakini wakubwa waliokuja na Land Rover walikuwa na tarehe yao, na tarehe haikusikia habari ya masuke. Upande wa pili wa majabali mgambo walikuwa wamekwisha kubomoa mapaa ya watu, udongo ukawaangukia wazee na vyungu vyao. Tulijua zamu yetu inakuja, na tulijua kiongozi wa kikosi cha upande wetu ni nani.

Ndipo Alute alipowaomba wakubwa wake wamwachie yeye suala la mjomba wake. Hili ni kweli na lilithibitishwa mahakamani. Aliwaambia: nyumba ya mjomba Mughwai nitakwenda mimi peke yangu, niongee naye, hatahitaji kushikwa. Wakamkubalia. Lori na wenzake likabaki chini kabisa, kule kwenye mkondo, na yeye akapanda kwa miguu. Nilimwona akija kati ya mawe na ile bunduki yake begani, na moyo wangu ulitulia. Nilijisemea, afadhali ni yeye.

Alisimama nje akapiga hodi.

"Nani?" baba aliuliza kutoka ndani. Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Ni mimi, mjomba. Alute. Shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu. Uko na watu?"

"Niko peke yangu."

"Una silaha?"

"Ninayo, mjomba."

"Basi mahali pake unapajua. Ingia."

Alute akaenda kwenye nguzo, na hapo ndipo shida ilipoanza. Ile panda ilikuwa ya mkuki. Bunduki yake, kwa ufupi wake, haikufika hata nusu ya nguzo. Aliisimamisha ukutani kwa kile kitako chake chembamba, na ile magazini ya ubavuni ikaivuta upande mmoja, ikateleza. Akaidaka. Akaisimamisha tena, ikateleza tena. Akaitazama ardhi, na mimi nikamtazama yeye. Mgambo mwingine yeyote angeilaza chini tu na kuingia. Alute hakuweza. Alikuwa mtoto wa nyumba ile, na hakuwa tayari kumlazia mjomba wake silaha mlangoni. Alinitolea tabasamu la aibu, akaitundika kwa mkanda wake juu ya panda, mtutu juu kitako chini, ikaning'inia pale usawa wa kifua. Panda ilikuwa imelainika kwa miti ya mikuki ya miaka mingi. Akainama akaingia ndani.

Nilisikia maongezi yao yote. Hayakuwa ya ugomvi. Alute alimsihi. Alimwambia mjomba, mimi nitawatafutia kiwanja kizuri, karibu na maji, nitawabebea hata mahindi ya mbegu. Baba akasema: sikatai kuhama, nakataa kuacha chakula shambani. Alute akasema: wakubwa hawatasubiri, mjomba, wanasema ni leo. Baba akasema: leo sihami. Wakanyamaza kidogo. Halafu baba akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Hebu njoo nje nikuonyeshe uwele ulipofikia, uende ukawaambie umeuona mwenyewe."

Akatangulia kutoka. Mlango wa tembe ni mfupi, mtu mzima hutoka ameinama, na baba kwa miaka yake alikuwa na desturi ya kushika ile nguzo ndipo ajiinue. Akaishika. Nguzo ikatikisika. Nikaona mkanda unateleza kwenye panda, na bunduki ikashuka imesimama wima, kitako chini, ikapiga jiwe la mlangoni. Ilitoka risasi moja. Ilimwingia baba kifuani akiwa bado ameinama juu yake.

Alute alikuwa nyuma yake, ndani, na mikono yake ilikuwa mitupu. Niliiona. Alikuwa ameinyoosha mbele kumdaka baba asianguke.

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Wenzake walisikia mlio wakaja mbio kutoka mkondoni, na walipofika walimkuta Alute ameinyakua bunduki na anaitazama, analia, anaigeuzageuza kama alivyokuwa akiigeuza baiskeli ya katekista. Hicho ndicho walichokiona, na hicho ndicho walichokisema baadaye: tulimkuta na silaha mkononi, na mjomba wake amelala chini, na alikuwa ametumwa kumhamisha naye amekataa. Ukiyasikia hivyo, hata mimi ningemfunga.

Polisi wakamchukua siku ile ile. Baba tulimzika kesho yake asubuhi kando ya zizi, na kabla ya jua kushuka lori likaja. Ndiyo, wakati wa matanga. Walituambia pole, walivua kofia, kisha wakapanda juu ya tembe na majembe wakalibomoa paa. Mikuki ilikuwa bado imelazwa mlangoni. Tulishushwa kule barabarani usiku haujaingia, kila mtu na chungu chake, mbele ya kigingi cha mti. Uwele wa baba ulivunwa na ndege na ng'ombe wa watu. Sijawahi kuwasamehe na sitafuti namna ya kuwasamehe.

Kaka yangu Lazaro ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Siku ile alikuwa machungani. Nilimweleza jinsi ilivyokuwa, naye alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kama nimepata homa. "Bunduki haijifyatui," alisema. "Panga halijikati, jembe halijilimi, na bunduki haijifyatui." Nikamwambia mimi nimeona. Akasema nimeona ninachotaka. Maneno hayo yakatembea kijiji kizima, na kijiji kile kilikuwa cha mstari, maneno yalipita nyumba hadi nyumba bila kupotea njia. Wakasema Theodora anadai bunduki ina pepo. Wakasema Theodora alikuwa akimtaka binamu yake tangu zamani. Nilikuwa nimeposwa na kijana mmoja wa Misigiri, mtu wa heshima zake. Ndugu zake wakaja kuuliza habari, wakaondoka kimya, na hawakurudi. Sikulia mbele ya mtu. Nilisema hao waende, kweli haitafuti mume.

Alute alikaa rumande Singida muda mrefu sana. Nilikuwa nikimpelekea ugali na mlenda mkavu pale askari walipokuwa na moyo mzuri. Nilidhani nitamkuta akiogopa kamba. Hakuitaja kamba hata mara moja. Kila nilipofika aliuliza jambo moja: "Mama amesemaje?"

Shangazi Luciana hakuwa amesema kitu. Kaka yake ameuawa na anayeshtakiwa ni mwanawe wa pekee. Sijui mtu anaweza kusema nini. Alilima, alichota maji, alikwenda jumuiya. Ukimtajia Alute aliinuka kwenda kuangalia kuku. Kwa hiyo kila safari nilimjibu Alute vilevile, kwamba mama yake hajasema, naye alinirudishia ujumbe uleule: "Mwambie sikufyatua. Wakininyonga na waninyonge, lakini mama ajue sikufyatua." Niliufikisha kila mara. Shangazi alikuwa akiupokea anaitika "haya," na kuku wanaangaliwa.

Jaji alipokuja hatimaye na wazee wake wa baraza, Lazaro na wadogo zangu walikaa upande mmoja na mimi nikakaa peke yangu upande wa pili. Nikaeleza. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye tai, aliniuliza kwa upole mwingi kama huwa naona vitu vingine vikitembea vyenyewe. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba ndiyo, niliona paa la nyumba yetu likishuka lenyewe, na mikono ya serikali ilikuwa juu yake. Jaji akaniambia nijibu nilichoulizwa. Yule kijana akasema risasi ilikuwa moja, na moja tu, sawasawa kifuani: je, kitu kinachoanguka ovyo kinalenga hivyo?

Ndipo walipomwita Sajini Urbano. Alikuwa mtu mnene mwenye masikio madogo, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kuwapo pale. Bunduki iliwekwa mbele yake. Alieleza yaleyale ya pande la chuma na springi ambayo Alute alitueleza uani. Kisha akasema jambo ambalo Alute hakutueleza. Bunduki hii, alisema, kama ina magazini yenye risasi, ikidondoka kwa kitako juu ya kitu kigumu, lile pande linarudi nyuma kwa uzito wake lenyewe, kisha springi inalisukuma mbele, linaokota risasi na kuigonga. Kidole hakihusiki. Inatoka moja, kwa sababu baada ya hapo pande linanaswa nyuma. Kidole kikiwa kimeshika zingetoka nyingi.

"Mlilijua hili?" jaji aliuliza.

"Tulilijua, mheshimiwa. Ndivyo zilivyotengenezwa. Kambini tunawafundisha wachomoe magazini kabla ya kuiweka mahali."

Wakajaribu palepale. Urbano aliweka kwenye magazini risasi iliyotolewa baruti na kichwa, imebaki fataki ya nyuma tu, akaiachia bunduki juu ya sakafu ya saruji. Hakuna kitu. Lazaro akakohoa. Akaiachia tena, ikaanguka kiubavu. Hakuna kitu. Nikaona wazee wa baraza wanatazamana. Alute alikuwa kizimbani, akasema kwa sauti ndogo, bila kuruhusiwa, "Wima. Ilishuka wima." Urbano akaishika kwa mkanda, akaiinua usawa wa kifua chake, akaitega wima, akaiachia.

Ilipiga "pa!" ndogo, na moshi mdogo ukatoka. Lazaro alifunika uso kwa mikono. Nilitaka kusimama juu ya benchi nishangilie, Mungu anisamehe, kwa mlio uleule uliomwua baba yangu.

Jaji alimwuliza Alute kwa nini hakuchomoa magazini kama alivyofundishwa. Alute akajibu kwamba alisahau, kwamba siku ile kichwa chake kilikuwa kimejaa maneno ya kumwambia mjomba wake. Jaji akamkemea kwa uzembe, akasema uzembe huo umeondoa uhai wa mtu, lakini si mwuaji. Miezi aliyokaa rumande ilimtosha kuwa adhabu. Wakamwachia.

Tulirudi pamoja kwa lori la pamba, mimi na yeye, tumekaa juu ya marobota. Lazaro alikuwa mbele na dereva. Kabla hatujashuka Lazaro alikuja akanishika bega, akasema, "Ulisema kweli," na kwa kaka yangu maneno mawili hayo ni kama kuchinja dume. Alute njia nzima alikuwa akijipanga. Nitaanza kumweleza mama hivi, halafu nitamwambia hivi, la springi nitalieleza kwa kutumia mtego wa panya, ataelewa haraka. Nilikuwa simjui mtu mwenye furaha kuliko yeye siku ile, akiwa amekonda mashavu yameingia ndani. Nami nilikuwa na furaha. Nilihesabu kwamba yote yaliyonipotea hayakupotea bure.

Shangazi Luciana alikuwa nje ya nyumba yake ya mstarini anapeta mtama. Jua lilikuwa bado juu. Alute alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kupeta. "Karibuni. Theodora, vuta kigoda."

Alute hakukaa. Alianza kueleza palepale amesimama, na aliyasema yote: sajini, saruji, mara ya kwanza, mara ya pili, wima, moshi. Aliuchora mtego wa panya hewani kwa mikono yake. Shangazi aliweka ungo chini akamsikiliza bila kumkatiza, na mimi niliongezea pale aliporuka kitu. Alipomaliza alikuwa anahema.

"Kwa hiyo mama, sikufyatua."

"Najua," shangazi alisema. "Wewe ungemfyatulia Mughwai? Sikuwahi kusema hivyo, wala kufikiri. Theodora alinieleza siku ya msiba, na Theodora hajui kusema uongo, hilo ndilo tatizo lake."

Miezi yote ile Alute alikuwa amebeba jibu, na kumbe mama yake hakuwa na swali hilo.

"Mbona hukuja kuniona?" aliuliza.

"Kwa sababu nina neno langu la kukuuliza, na sikutaka kukuuliza mbele ya askari. Hiyo risasi, nani aliitia?"

"Mimi, mama. Lakini nilisahau kuchomoa. Hata jaji nilimwambia."

"Jaji hakukuzaa. Wewe ulikuwa ukitengeneza baiskeli za watu ungali mtoto, na hujawahi kusahau msumari hata mmoja. Ulipoondoka kwenye lori kupanda kwa mjomba wako, ulijua imo ndani au hukujua?"

Nilimtazama Alute nikingoja aseme hakujua. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilikuwa hata nimeanza kukasirika kwa niaba yake, kwamba mtu katoka kifungoni leo na anasulubiwa tena mlangoni kwao.

"Nilijua," alisema.

"Basi kwa nini hukuichomoa?"

Hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Kwa kuwa mjomba angeweza kukataa," alisema.

Shangazi akainamisha kichwa, akavuta ungo wake, akaendelea kupeta. Hakumfukuza. Jioni alimpikia, na Alute akala, na miezi iliyofuata alilima naye shamba la kijiji hadi alipokwenda Kilimatinde kuwa mlinzi wa misheni, akafia huko kwa kifua miaka mingi baadaye. Alilinda kwa rungu. Watu walimsifu kwa upole wake, na alikuwa mpole, hilo siwezi kumnyima.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia maongezi ya mle ndani. Nilisikia baba akisema leo sihami. Nilisikia ule ukimya mfupi. Na niliona Alute akimfuata baba kutoka nje, kuelekea kwenye nguzo ambako bunduki yake ilikuwa imetundikwa. Nilikula kiapo kwamba mikono yake ilikuwa mitupu, na ilikuwa mitupu kweli, kwa sababu alikuwa hajaifikia bunduki. Kama mkanda usingeteleza angefanya nini, yeye mwenyewe sidhani kama alijua, na mimi sikumwuliza maana niliogopa angenijibu kweli.

Hakumpiga baba yangu risasi. Nitalisema hilo mpaka nife. Halinisaidii kitu.